Ushirikiano wa nje unavyomfikia msanii: mfano wa Busara na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Kila ifikapo Februari, Ngome Kongwe ya Zanzibar hupokea wanamuziki kutoka pembe mbalimbali za Afrika kwa ajili ya tamasha la Sauti za Busara. Wananchi walio wengi hulijua tamasha hilo kwa yale yanayoonekana na kusikika: gwaride la ufunguzi linalopita mitaani bila kiingilio, ngoma za beni, jukwaa lenye taa na umati wa wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Kisichoonekana ni makubaliano yanayowezesha yote hayo, kati ya taasisi za sanaa za hapa nchini na washirika walio nje yake: balozi, mashirika ya utamaduni, mawakala wa matamasha, vyuo, mifuko ya kikanda na, katika miaka ya karibuni, kampuni binafsi.

Matangazo ya makubaliano ya namna hiyo hutolewa mara kwa mara, na lugha yake huwa ni ya jumla. Pande mbili zimekubaliana kushirikiana katika kuwaendeleza wasanii. Picha hupigwa, mikono hupeanwa. Mwananchi anayefuatilia habari hizo ana haki ya kuuliza maswali matatu ya kawaida kabisa. Fedha zinapita wapi? Msanii anapata nini hasa? Na mshirika akiondoka, kinabaki nini? Makala haya yanayachukua maswali hayo na kuyapitisha katika taasisi mbili za Zanzibar zilizokwisha kufanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20: Busara Promotions, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa mwaka 2003 na kuandaa tamasha lake la kwanza Februari 2004, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoasisiwa mwaka 2001 na kuanza kufundisha mwaka uliofuata katika Jumba la Forodha la zamani, Mizingani.

Ni vyema kukumbuka kwanza kwamba ushirikiano wa nje si jambo geni kwa muziki wa Visiwani. Masimulizi ya historia ya taarab yanaeleza kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, naye aliporejea akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Kwa maneno mengine, muziki unaotajwa leo kuwa ni utambulisho wa Zanzibar ulianza kwa kitu ambacho siku hizi kingeitwa ufadhili wa masomo nje ya nchi. Kilichobaki hapa, baada ya safari ile ya Misri kwisha, kilikuwa ni ujuzi.

Mfano wa pili una sura nyingine. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya sahani za santuri. Sauti yake ilifika Lamu, Mombasa, Dar es Salaam na bara, mahali ambapo mwenyewe asingeweza kufika kwa miguu yake, na hadi leo hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Hata hivyo, biashara ya sahani hizo ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyorekodi. Msanii alipata umaarufu. Mali ilikaa kwingine. Safari ya Misri na safari ya Bombay zinaweza kutumika kama mizani ya kupimia makubaliano mengi ya sasa.

Kati ya shughuli zote zinazofanywa na Busara kwa kushirikiana na wenzake, ile inayoeleza vizuri zaidi namna ushirikiano unavyofanya kazi ni mpango uitwao Swahili Encounters. Wanamuziki kutoka nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawajawahi kukutana, hukutanishwa na wanamuziki wa Zanzibar siku chache kabla ya tamasha. Hupewa takriban siku nne. Katika muda huo wanatakiwa kuchagua nyimbo, zikiwemo nyimbo za asili za mwambao, kuzipanga upya, kuzifanyia mazoezi na kisha kupanda jukwaani kuzipiga mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio.

Kwa aliye nje ya fani, siku nne zinaweza kuonekana nyingi kwa nyimbo chache. Ugumu wa kwanza huwa ni wa sauti zenyewe. Taarab asilia hufuata makamu, yaani mpangilio wa sauti wenye asili ya Kiarabu, na baadhi ya makamu hayo yana sauti zinazoangukia katikati ya funguo za kinanda. Mpiga udi huzipata bila taabu, kwa sababu shingo ya udi haina vigawanyo vya kumzuia kidole. Mpiga fidla vilevile. Kanuni ina vishikizo vidogo vya kubadilishia sauti ya nyuzi zake. Gitaa la kawaida halina nafasi hiyo, na hata akodiani, ambayo taarab imeizoea kwa miaka mingi, haina. Kora ya Afrika Magharibi, yenye nyuzi 21, hutegeshwa kabla ya wimbo kuanza na si rahisi kuibadili katikati. Hivyo, kabla ya mtu yeyote kuimba neno, kikundi hulazimika kuamua nani atamfuata nani: je, mpiga udi aache zile sauti za katikati ili gitaa lisigongane naye, au gitaa linyamaze pale zinapopita?

Ugumu wa pili ni wa maneno. Wimbo wa mwambao hubebwa na shairi lenye mizani na vina, na mwimbaji asiyejua Kiswahili anaweza kuukata mstari mahali pasipostahili, maana ikapotea. Hapo ndipo mwimbaji wa hapa anapogeuka kuwa mwalimu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika miradi mingi ya misaada, mtaalamu hutoka nje na mwanafunzi ni mwenyeji. Katika chumba hiki cha mazoezi, mgeni mwenye jina kubwa kwao anaweza kujikuta akirudia silabi moja mara kumi mbele ya kijana wa Zanzibar aliyejifunza nyimbo hizo chuoni.

Mchango wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi unaonekana mahali hapo. Chuo hicho hufundisha udi, kanuni, fidla, akodiani, ngoma na uimbaji, na kuhifadhi fani kama taarab na kidumbak ambazo hapo kabla zilirithishwa ndani ya vikundi na familia tu. Bila ya kuwapo mahali pa kuwaandaa wanamuziki wanaoweza kusoma noti na wakati huohuo kupiga kwa kusikia, mwenyeji angeingia kwenye ushirikiano akiwa mtazamaji. Mwanamuziki mwenye stadi zote mbili hupokea karatasi ya noti kutoka kwa mgeni na kumrudishia wimbo usio na karatasi.

Kuhusu fedha, hali halisi hutofautiana na dhana iliyozoeleka. Mshirika wa nje anapotangaza kugharamia ujio wa kikundi, sehemu kubwa ya fedha hizo haipiti katika akaunti ya taasisi ya hapa wala haifiki mfukoni mwa msanii. Kwa desturi ya matamasha mengi, ubalozi au shirika la utamaduni la nchi anakotoka mwanamuziki hulipia tiketi za ndege. Tamasha hubeba malazi, chakula, usafiri wa ndani, vyombo vya sauti na malipo ya onyesho. Tiketi za bendi ya watu wanane kutoka Afrika Magharibi hadi Zanzibar, ambazo mara nyingi hulazimu kuunganisha ndege zaidi ya moja, zinaweza kuzidi malipo ya onyesho lenyewe kwa mbali. Takwimu kubwa inayotajwa kwenye tangazo, basi, isichukuliwe kuwa ndiyo kipimo cha kilichomfikia msanii. Ni gharama ya kumfikisha.

Kinachomfikia msanii wa hapa kwa njia ya ushirikiano mara nyingi si fedha taslimu bali ni macho. Sambamba na maonyesho, Busara huandaa mikutano ya wadau wa sanaa, ambako waandaaji wa matamasha, mawakala, waandishi na mameneja hukutana na wanamuziki. Wageni hao hawaji kusikiliza hotuba tu. Jioni hukaa katika hadhira na kutazama ni nani anayeweza kushika jukwaa kwa muda wote aliopewa. Ndiyo sababu tamasha hilo limeshikilia sharti la muziki kupigwa moja kwa moja, bila ya kuimba juu ya rekodi. Sharti hilo huwakera baadhi ya wasanii wachanga waliozoea kupanda jukwaani na rekodi iliyokwisha kutengenezwa studio, lakini lina mantiki ya kibiashara: mwandaaji wa tamasha la nje hununua onyesho alilolishuhudia, na hawezi kulishuhudia kama halipo.

Nguvu ya jukwaa la aina hiyo ilidhihirika katika maisha ya Fatma binti Baraka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude. Aliimba kwa miongo mingi katika unyago na taarab kabla ya dunia kumtambua. Alipofikia uzee ndipo alipozunguka nchi nyingi, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya maonyesho ya kimataifa ya muziki ya WOMEX. Alifariki dunia Aprili 2013. Sauti yake haikuanza kuwa nzuri mwaka 2005. Kilichobadilika ni kwamba walikuwapo watu na taasisi zenye anwani, simu na mawasiliano ya kumuunganisha na waandaaji wa nje.

Mwaliko ukishapatikana, kazi nyingine huanza, na ni hapa ambapo wasanii wengi hukwama. Masuala ya utamaduni si ya Muungano. Msanii wa Zanzibar husajiliwa na kupata vibali kupitia Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, wakati mwenzake wa Tanzania Bara huhudumiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Kikundi chenye wanachama wa pande zote mbili hulazimika kufahamu mipaka hiyo mapema, si siku ya safari.

Kisha huja viza. Nchi za Schengen hupokea maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haihakikishi kuwa viza itatolewa. Balozi zinazohusika zipo Dar es Salaam, kwa hiyo mwanamuziki wa Unguja au Pemba huongeza nauli ya boti na gharama za malazi kabla hata hajajua kama atakwenda. Ombi la mpiga fidla mmoja likikataliwa, bendi nzima inaweza kuikosa ziara, maana nafasi yake haijazwi kwa siku mbili. Taasisi ya sanaa yenye uzoefu husaidia hapa kwa jambo lisilo na mvuto wa habari hata kidogo: barua. Barua ya mwaliko iliyoandikwa vizuri, mkataba unaoonyesha malipo na nani anagharamia nini, na ushahidi kuwa mwombaji ana kazi ya kurejea nyumbani, vina thamani kubwa kwa msanii kuliko fulana mia moja zenye nembo ya mfadhili.

Mkataba huo huo unastahili kusomwa kwa makini. Katika nchi nyingi za Ulaya, kodi hukatwa kwenye malipo ya msanii mgeni kabla hajakabidhiwa. Msanii aliyeahidiwa kiasi fulani na akapokea pungufu huhisi amedhulumiwa, kumbe mkataba haukueleza iwapo kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi. Swali hilo linapaswa kuulizwa kwa maandishi kabla ya kusaini.

Suala zito zaidi, na ambalo matangazo ya ushirikiano hulipita kimya, ni la umiliki. Kazi iliyozaliwa ndani ya chumba cha mazoezi kwa siku nne ni ya nani?

Jibu lina tabaka kadhaa. Wimbo wa asili wenyewe hauna mtunzi anayejulikana, na hakuna mmoja kati ya walioupiga anayeweza kudai kuwa ni wake. Mpangilio mpya wa wimbo huo, iwapo una ubunifu ndani yake, huweza kulindwa kama kazi mpya ya waliouandaa. Kila aliyepiga au kuimba ana haki zake kama mfanya onyesho. Na kama onyesho limerekodiwa, aliyegharamia na kusimamia urekodi ana haki katika rekodi hiyo. Haki hizi nne hukaa ndani ya wimbo mmoja wa dakika sita, na mtu mmoja anaweza kuwa na moja, mbili au asiwe nayo hata moja.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inaweka pia utaratibu wa kutumia sanaa za jadi kibiashara kwa idhini ya BASATA. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki na taasisi yake ya usimamizi, COSOZA, kwa kuwa hakimiliki nayo si jambo la Muungano. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, hivyo kazi ya Mtanzania inalindwa katika nchi nyingine wanachama pia. Tatizo, kwa hiyo, si kukosekana kwa sheria. Tatizo ni kwamba sheria humlinda vizuri yule anayeweza kuthibitisha mchango wake, na mazoezi ya muziki hayaachi ushahidi.

Tiba yake ni karatasi moja. Kabla ya mazoezi kumalizika, washiriki huandika jina la wimbo, nani alileta melodia, nani aliandika au kurekebisha maneno, nani alipanga vyombo, na kila mmoja anastahili asilimia ngapi. Kisha wote husaini. Waswahili wana tabia ya kuona haya kuzungumzia mgao wakati watu wanapendana na kazi inakwenda vizuri. Haya hiyo ina gharama. Wimbo ukija kutumika katika filamu au tangazo miaka mitano baadaye, wenye karatasi hulipwa na wasiokuwa nayo hutafuta mashahidi. Taasisi inayosimamia ushirikiano ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuifanya karatasi hiyo kuwa sehemu ya kawaida ya ratiba, kama ilivyo chai ya saa nne.

Yote yaliyoelezwa hapo juu hutegemea taasisi yenyewe kuwa hai, na historia ya karibuni inaonyesha kuwa jambo hilo si la kuhakikishwa. Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara halikufanyika. Waandaaji walitangaza mapema kuwa hawakuwa na fedha za kutosha, na Februari ile Ngome Kongwe haikuwa na jukwaa lao. Tamasha lilirejea mwaka 2017. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kilitangaza hadharani kuwa kilikuwa hatarini kufungwa baada ya ufadhili wa nje kilioutegemea kupungua, ilhali wanafunzi wake walio wengi hawana uwezo wa kulipa ada inayolingana na gharama halisi ya mafunzo.

Chanzo cha matukio haya mawili kinafanana. Wafadhili wa nje, kwa taratibu zao, hupendelea kugharamia mradi wenye mwanzo, mwisho na ripoti. Warsha ya wiki mbili ina mwanzo na mwisho. Mshahara wa mwalimu wa kanuni hauna mwisho, wala kodi ya jengo, umeme, au nyuzi za udi zinazokatika kwa unyevu wa bahari. Taasisi inaweza kuwa na miradi mitano iliyofadhiliwa vizuri na wakati huohuo ikashindwa kumlipa mlinzi. Kwa anayetazama kwa nje, taasisi hiyo inanawiri. Kwa anayefanya kazi ndani, kila Desemba ni ya mashaka.

Hasara ya mwaka usio na tamasha haiwaangukii wanamuziki peke yao. Wageni hupanga safari zao kufuata tarehe hizo, na kwa hiyo wenye nyumba za kulala wageni, madereva wa teksi, wauza vyakula wa Forodhani na mafundi cherehani wa mavazi ya jukwaani nao hukosa mapato. Hoja hii ndiyo iliyozaa mwelekeo mpya. Katika miaka ya karibuni, sehemu ya uzito uliobebwa na balozi imeanza kuhamia kwa wadhamini wanaofanya biashara hapahapa Zanzibar, ikiwemo kampuni inayojenga mji mpya wa Fumba, na wenye hoteli ambao vyumba vyao hujaa wakati wa tamasha. Tofauti ni ya msingi. Sera ya ubalozi huweza kubadilika kutokana na uchaguzi uliofanyika katika nchi nyingine. Mwenye hoteli wa Shangani ana sababu ya kulitaka tamasha mwakani kama alivyolitaka mwaka huu. Hata hivyo, mfanyabiashara naye ana maslahi yake, na taasisi inapaswa kubaki na kauli ya mwisho juu ya nani anapanda jukwaani.

Nje ya udhamini, ipo milango mingine ambayo msanii binafsi anaweza kuibisha. Mfuko wa HEVA wa Nairobi, kwa kushirikiana na British Council, ulisimamia kwa Afrika Mashariki mpango wa Ignite Culture uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya kupitia ushirikiano wake na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Taasisi ya Music In Africa, yenye makao yake Johannesburg, ilileta mkutano wake wa ACCES Dar es Salaam mwaka 2022 na tena 2023, na hivyo wanamuziki wa Tanzania wakakutana na mawakala wa bara zima bila ya kulipia tiketi ya ndege wala viza. Kwa upande wa Tanzania Bara, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo kwa wadau wa sanaa kupitia benki.

Neno mikopo hapo lizingatiwe. Malalamiko mengi ya wasanii dhidi ya mifuko hutokana na kuchanganya mambo matatu. Ruzuku hairudishwi, lakini hutolewa kwa kazi maalumu na hudai hesabu za kila shilingi. Risiti ikipotea, sehemu ya fedha inaweza kudaiwa. Mkopo hurudishwa pamoja na riba hata kama albamu haikuuzwa. Udhamini ni biashara: mdhamini hutoa fedha na kupata jina lake kutajwa, na akiona halikutajwa ipasavyo hatarudi. Msanii anayekwenda benki akitarajia ruzuku, au anayepokea udhamini na kuuchukulia kuwa ni zawadi, hujikuta katika mgogoro ambao haukuwa wa lazima. Maofisa utamaduni wa wilaya wana wajibu wa kueleza tofauti hizo kabla fomu haijajazwa.

Kwa wanamuziki wanaolenga jukwaa la Februari, maombi ya Sauti za Busara hupokelewa miezi mingi kabla, katikati ya mwaka unaotangulia, na anayesubiri hadi gwaride lionekane mitaani amechelewa kwa mwaka mzima. Waandaaji hutaka rekodi inayoonyesha kikundi kikipiga moja kwa moja. Video ya studio iliyopambwa haiwasaidii kuamua. Usajili wa kikundi BASSFU au BASATA, na usajili wa kazi kwa mamlaka ya hakimiliki ya upande husika wa Muungano, unaweza kufanywa wakati wowote wa mwaka, na ni afadhali ufanywe kabla mwaliko haujafika kuliko baada yake.